Chupa za Mto Lehlakeng

Jumatatu, saa kumi na robo alasiri, Mme Selloane Taole (Mme kwetu ni mama, Ntate ni baba) alirudi kutoka zahanati na vidonge vyake vya presha, akafungua chumba cha nyuma ya kanisa la Sayuni, akakuta mto umemwagwa.

Hivyo ndivyo alivyosema kwenye simu: "Wamemwaga mto." Polisi wa zamu akadhani bibi kachanganyikiwa, akampa simu Sajini Nthofeela Rampai huku akicheka. Sajini hakucheka. Alibatizwa katika mto Lehlakeng akiwa na miaka kumi na miwili, na chupa yake ilikuwa kwenye rafu za chumba hicho.

Ndiyo desturi ya watu wa Sayuni hapa Metsimasweu. Anayebatizwa hujaza chupa ya kioo palepale alipozamishwa. Askofu huiziba kwa kizibo na nta ya mshumaa, na nta ikiwa bado laini, mbatizwa hukandamiza gumba lake juu yake. Chupa hukaa kwa Mme Selloane hata mwenye chupa akifa. Za brandi, za siki, za soda, kuanzia enzi zile mtu mweusi hakuvuka barabara bila pasi mfukoni.

Sajini alisimama mlangoni kwanza, bila kuingia.

"Mme, umegusa nini?"

"Moyo wangu tu."

"Nani ana ufunguo?"

"Unakaa juu ya mlango. Kanisa zima linajua. Wewe mwenyewe ulikuwa unauiba ukiwa mdogo, uje kulala humu kwenye ubaridi."

Sajini alitazama. Hakuna chupa iliyovunjwa. Zote zilisimama wima mahali pake, vizibo vimerudishwa, kamba za sufu shingoni hazikuguswa. Nta iliyobanduliwa ilikuwa imefagiliwa ikawekwa kilima kidogo pembeni.

"Mwizi gani anafagia?" aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe.

Kila mtu mjini alijua chupa zile zingekwenda wapi wiki hiyo. Miaka mitatu nyuma wataalamu waligundua kwamba majitaka yetu yana sumu isiyooza. Huiui kwa kuchemsha, na mtambo wa halmashauri hauichuji. Inapita tu, inaingia mtoni, inarudi bombani. Kuchuja kunataka mtambo mpya. Halmashauri ikaamua kila nyumba ilipe randi mia mbili na kumi kwa mwezi, na asiyelipa akatiwe maji. Nani alileta sumu? Ntate Ramaisa, meneja wa kiwanda cha maturubai, alikuwa na jibu: ni ya kiwanda kile cha zamani cha povu la kuzimia moto, kilichofungwa 1998. Imebaki ardhini, inavuja. Jibu tamu, maana aliyekufa hashitakiwi. Kiwanda cha maturubai kilifunguliwa 2009, na waliokata utepe siku ile, wakala keki mbele yetu, ndio hao hao leo wanatuletea bili.

Jumapili kamati ya wakazi ilitangaza kanisani kwamba chupa zilizojazwa kati ya 1998 na 2009 zitapelekwa maabara, na baraza la Alhamisi litaombwa lisubiri majibu. Maji hayo yakiwa safi, marehemu hana kosa, na aliye hai atalipa. Kesho yake chupa zikawa tupu.

Sajini alivua viatu, akaingia. Mme Selloane alikuwa amepaka sakafu rangi nyekundu Jumamosi, ikang'aa. Juu ya mng'ao huo kulikuwa na nyayo za mtu mzima, miguu mitupu, kwenda na kurudi rafuni.

"Alivua viatu," Sajini alisema.

"Kila anayeingia humu anavua."

"Anayekuja kuomba, sawa. Anayekuja kuharibu je?"

Mme Selloane alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyesukumwa.

Mwizi alikuwa amemwagia maji kwenye ngazi ya saruji, nje ya mlango. Ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu, isipokuwa madoa mawili makavu, sambamba, umbo la nyayo za buti. Sajini aliomba kikombe cha maji, akayamwaga taratibu. Kwingine saruji iliyanywa. Juu ya yale madoa mawili maji yalijikunja yakawa shanga, yakabingirika yakaanguka chini.

"Saruji imekataa maji," alisema Mme Selloane.

"Si saruji. Ni kile kilichokuwa chini ya buti."

Wakati huo akafika Ntate Tshokolo Mofubelu, shemasi, dereva wa lori la tenki pale kwenye maturubai. Alikuwa na sare ya kazi, raba nyeupe za Jumapili miguuni, na ufagio mkononi. Ni mgane, mtu mpole. Yeye ndiye husaidia kusafisha chumba kile.

"Sajini, usipoteze muda," alisema. "Nenda kwa Sekonyela. Si ndiye alisema chupa hizi ni uchawi?"

"Na huo ufagio, Ntate?"

"Nilisikia kuna uchafu."

"Uchafu umeshafagiliwa," alisema Sajini.

Askofu Sekonyela alijitenga na Sayuni miaka sita iliyopita, akafungua kanisa lake kwenye kontena karibu na kituo cha teksi. Sajini alimkuta jioni hiyo anakula pap, ugali wa huku, na mboga, buti zake zimepanda juu ya kiti cha pili.

"Nimekuja kwa ajili ya chupa," Sajini alisema.

"Za Mme Selloane? Nilishasema, mtu kuabudu chupa za siki ni uchawi. Andika hivyo hivyo."

"Aliyezimwaga aliingia miguu mitupu."

Sekonyela alicheka mpaka akapaliwa. "Sajini, unajua tuliachana kwa sababu gani? Viatu. Miaka miwili tunagombana kuhusu viatu. Mimi natangaza kila Jumapili kwamba Mungu haangalii vidole vya miguu. Halafu niende kuvua buti mlangoni kwa Selloane? Bora unifunge kwa kosa jingine."

"Kweli usingevua."

"Ningeingia nazo, tena na matope." Alisukuma sahani kando, kicheko kikamwisha. "Na ya mama yangu? Imemwagwa?"

"Imemwagwa."

Alishusha buti kutoka kwenye kiti. "Nilisema ni uchawi. Sikusema zimwagwe." Kisha, kwa sauti ya chini: "Siku ile alinibeba mgongoni mpaka katikati ya matete. Maji yalikuwa baridi, yananukia kama majani yaliyokatwa. Unakumbuka ile harufu, Sajini?"

"Sikumbuki vizuri," alisema Sajini, na hilo ndilo lililomuuma njia nzima ya kurudi.

Jumanne asubuhi yeye na Mme Selloane walipitia rafu. Sajini alikuwa anatafuta alama za vidole. Mme Selloane ndiye aliyesimama ghafla.

"Hapa pana mtu hayupo."

Kwenye vumbi la rafu ya tatu kulikuwa na duara safi, ukubwa wa kitako cha chupa. Pasaka ya 2005. Waliobatizwa siku ile walikuwa watatu, na chupa za wawili zilikuwepo, tupu.

"Wa tatu nani, Mme?"

Mme Selloane alifuta duara lile kwa ncha ya shuka lake, kisha akajuta kulifuta. "Modiehi," alisema. "Mke wa Tshokolo. Tulimzika 2007."

Tshokolo alikuwa nyumbani, anakoroga uji kwenye jiko la mafuta. Zamu yake ilikuwa ya jioni. Sajini alibaki kwenye ngazi ya mlango.

"Ntate, buti zako za kazi ziko wapi?"

"Kiwandani."

"Jana ulikuja na sare na raba. Pale getini wanaruhusu raba?"

"Nilibadilisha."

"Naomba maji ya kunywa."

Alimletea kikombe. Sajini hakunywa. Aliyamwaga kwenye ngazi. Yakawa shanga, yakabingirika.

"Ngazi yako nayo imekataa maji, Ntate."

Tshokolo alitazama shanga zile mpaka ya mwisho ikaanguka. "Tuko mia mbili pale kiwandani. Wote buti zetu zina ile dawa ya turubai, ya kukataa maji."

"Kweli. Na kama thelathini ni watu wa Sayuni, na wote thelathini wangevua viatu mlangoni hata wakija kuiba. Lakini ni mmoja tu asiyeweza kumwaga chupa ya Modiehi."

Tshokolo alizima jiko. Uji uliendelea kutokota kidogo, kisha ukatulia.

"Ramaisa alinipigia Jumapili jioni," alisema. "Akaniuliza, ni nani amekuwa akifungua tenki kwenye bomba la majitaka la mji, nyuma ya kiwanda? Akajibu mwenyewe: ni wewe, Tshokolo. Sahihi zako ninazo. Maji ya chupa yakienda maabara, wa kwanza kufungwa ni dereva. Pensheni yangu imebaki miezi mitano, mwanangu."

"Umekuwa ukifungua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Waliniambia ni sabuni ya kuoshea mashine."

"Ukaamini?"

"Mwaka wa kwanza. Halafu vyura wakaacha kulia." Alijipangusa uso kwa sare. "Jana nilianza na chupa za wazee. Niliomba radhi kwa kila moja, kwa jina. Yako pia. Nikafika kwake."

"Ungemwaga na ile, nisingekupata."

"Najua." Alionyesha gumba lake la kulia, nene, lenye kovu. "Kila nikienda kufagia kule naliweka juu ya lake. Ni dogo, halijazi hata nusu. Nguo zake dada zake walizigawana. Picha ilikuwa moja, ikaliwa na unyevu. Hakuna kitu kingine chenye umbo lake, Sajini. Ningeipasua vipi nta ile?"

Sajini alikaa kwenye ngazi. Alipoongea tena hakuwa mkali.

"Nisikilize, Ntate. Modiehi alikuja mji huu lini?"

"Nilimwoa 2001. Alitoka Qwaqwa."

"Povu lilifungwa 1998. Maturubai yalifunguliwa 2009, naye alishakuwa kaburini miaka miwili. Mtu hubatizwa mara moja, na maiti haikandamizi nta. Idara ya vitambulisho ina alama ya gumba lake. Maji yale yana tarehe ambayo hakuna wakili atakayeihamisha. Lakini maabara lazima ifungue."

"Wataivunja."

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

"Mme Selloane ataendelea kuchagua kati ya bili ya maji na vidonge. Na Ramaisa atakupa pensheni."

Tshokolo aliingia ndani. Alitoka na debe la unga, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa chupa ya siki yenye kamba ya kijani. Akaipuliza unga taratibu, hasa juu ya nta.

"Usiishike kwa shingo," alisema.

Alhamisi ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka nje. Ntate Ramaisa alikuja na wakili na suti ya kijivu. Ni mtoto wa hapa hapa, baba yake alikuwa anauza mageu, uji uliochachushwa, sokoni.

"Nasikia mna chupa moja," alisema. "Mtu yeyote anaweza kujaza chupa bombani."

"Si ya mtu yeyote," alijibu Sajini. "Ni ya Modiehi Mofubelu." Aliweka mezani chupa na nakala ya alama kutoka idara ya vitambulisho, akaeleza miaka mitatu ile: 1998, 2005, 2009. Mtaalamu wa alama za vidole alizilinganisha mbele ya wote, akasema ni gumba moja.

"Na aliyemwaga nyingine ni nani?" aliuliza wakili.

"Mimi," alisema Tshokolo kutoka nyuma. Akapita mbele, akasema yote, kuanzia siku ya kwanza alipofungua tenki hadi simu ya Jumapili. Hakupaza sauti.

Ramaisa alianza kusema dereva huyo ni mlevi. Mme Selloane akasimama.

"Mwanangu, Tshokolo hanywi, na wewe unajua. Ya kwako ilikuwa rafu ya pili. Krismasi ya 1984. Ulilia kwa baridi, nikakufunika na shuka langu. Nayo umeimwaga."

Ramaisa aliangalia viatu vyake.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu. Maji ya Modiehi hayakuwa na sumu hata chembe. Yaliyotekwa kwenye bomba la majitaka nyuma ya kiwanda yalijaa sumu hiyo. Bili zikafutwa, mtambo utalipiwa na maturubai, ingawa wakili wao bado anakata rufaa na mto bado unapita vilevile. Kiwanda kilimfukuza Tshokolo siku ileile, pensheni ikaenda. Alifikishwa mahakamani wa kwanza, kama alivyoambiwa. Ramaisa alifuata baada ya miezi miwili, kwa gari lake mwenyewe. Andikeni hilo pia mnapoandika kwamba haki ilitendeka.

Nta haikurudi. Ni kielelezo, iko kwenye mfuko wa plastiki mahakamani. Chupa ilirudi ikiwa na vijiko viwili hivi vya maji chini, na Mme Selloane akairudisha mahali pale alipofuta duara. Watu huja, huvua viatu, huomba wanuse. Sekonyela alikuja, akavua buti bila kusema neno.

Tshokolo alikuja wa mwisho, akasimama mlangoni miguu mitupu mpaka Mme Selloane alipomwashiria aingie. Alitoa kizibo, akafumba macho, akanusa.

"Matete," alisema.

Mme Selloane alimwangalia kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akalishika gumba nene la Tshokolo, akaliweka juu ya mdomo wa chupa.

"Usiiache wazi sana," alisema. "Itaisha."