Kamba ya Kiatu cha Chiriku

Tik... tik... tik...

Dada, unakumbuka usiku ule ulipolala kwangu? Uliamka, ukaniuliza ni nini kinacholia sebuleni, nikakuambia ni bomba linavuja, ukalala. Halikuwa bomba. Ilikuwa pikipiki ya shemeji yako, si unajua huilaza ndani. Injini ikitoka safari hulia hivyo inapopoa, kila mwenye pikipiki anajua. Lakini siku ile haikutoka. Haikuwa imewashwa hata mara moja. Ulipolala nilikwenda nikaigusa.

Ilikuwa ya moto.

Acha nikueleze kabla Chiriku hajaamka, na usinikatize, nikikatizwa nitashindwa kuendelea.

Unamjua mume wangu. Dukani kwao, kwenye vifaa vya umeme, wenzake wanamwita Nusu. Mteja akiingia anaita, "Jamani, hili duka halina mtu?" naye amesimama palepale nyuma ya kaunta. Mtaani nako, kwa kuwa nilikuwa nampita kichwa kizima, walituita Ngazi na Fundi. Mimi nilikuwa nacheka. Na yeye alikuwa anacheka, mdomoni. Moyoni alikuwa anaweka akiba.

Basi akataka pikipiki. Tena si pikipiki hizi za kawaida, anataka kruza, zile ndefu zinazolala chini, mtu anakaa kama yuko kwenye kochi na mngurumo unatikisa madirisha. Jioni moja alipotoka kazini tukaenda kuchagua. Chiriku nilikuwa nimembeba mgongoni, amesinzia.

Yadi ilikuwa nyuma ya karakana zilizokwisha kufungwa. Muuzaji akatoka ndani ameinama, mlango haukumtosha. Dada, sijaona mtu mrefu vile. Alipojinyoosha nilisikia viungo vyake vikilia, kimoja baada ya kingine. Shingoni kaning'iniza uzi mweusi, kama fundi cherehani na futi yake. Alinuka petroli, na chini ya petroli kitu kingine.

Nywele zilizoungua.

"Karibu, shemeji," akaniambia mimi, si mume wangu. "Leo tunamtafutia bwana miguu."

Pikipiki ya kwanza, mume wangu alipopanda alibaki kwenye ncha za vidole kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Ikaelemea upande, yule mrefu akaidaka kwa mkono mmoja. Ya pili ilikuwa ya chini, lakini siti yake pana kama meza.

"Usidanganywe na siti kuwa chini," muuzaji akasema. "Siti iwe nyembamba mbele. Paja likitanuka, mguu unafupika."

Hendeli nazo zilikuwa mbali, mume wangu akawa amejinyoosha kama anaanika nguo. Nikacheka. Aliniangalia, nikanyamaza.

Ya tatu ilikuwa nyeusi. Nyembamba kiunoni, uzito wake wote chini, hendeli zimepinda kumfuata aliyekaa. Alipoikalia, dada, hata mimi nilimwona mwanamume mwingine. Ila visigino. Visigino havikugusa chini. Vilibaki hewani, nafasi ya vidole viwili.

"Si unaweza kuchonga sponji ya siti?" mume wangu akauliza.

"Naweza. Ni kazi ndogo." Yule mtu akainama, akanong'ona, lakini nilisikia. "Lakini ukichonga siti, umekubali kwamba wewe ni mfupi. Mimi wateja wangu sipunguzi siti. Naongeza mguu."

Akavua ule uzi shingoni, akampima mume wangu kutoka nyongani kwenda chini. Uzi haukufika. Nao ukabakiza vidole viwili.

"Ongezea kitu cha kwako," akasema. "Cha damu yako, au cha nyumbani kwako. Ukifunge wewe mwenyewe."

Mume wangu akajitazama. Viatu vyake vilikuwa vya kuchomeka mguu, havina kamba. Kisha akatazama mgongoni kwangu. Nikahisi mkono wake unavuta, taratibu, kwenye kiatu cha Chiriku.

"Wee, utamrudishia?"

"Kamba ya kiatu tu, mama Chiriku. Utafikiri nimemng'oa jino."

Akafunga fundo. Muuzaji akaukunja uzi na ile kamba nyeupe, akavisokomeza chini ya siti.

Visigino vikagusa chini.

Nilidhani siti imebonyea. Tulirudi nyumbani watatu juu ya pikipiki, watu wakigeuka kututazama, na mume wangu aliimba njia nzima. Nisikudanganye, nilifurahi naye.

Haukupita muda suruali zake zikaanza kumpanda juu ya vifundo. Alikuwa ananyoa akiwa amesimama juu ya kigoda, sasa kigoda akakisukuma kwa mguu, akajiona kwenye kioo vizuri kabisa. Dukani wakaacha kumwita Nusu. Wakati huohuo viatu vya Chiriku vikaanza kumpwaya. Nikasema vimetanuka. Gauni likamfika miguuni, nikasema nililinunua kubwa. Mtu akiogopa jambo, dada, hakosi maneno ya kulifunika.

Mpaka asubuhi moja. Chiriku amezoea kufungua mlango wa uani mwenyewe, anashika komeo anavuta. Nikamkuta amesimama kwenye ncha za vidole, mkono juu, anahangaika. Kama baba yake siku ile.

Akageuka.

"Mama... komeo limepanda."

Nilimbeba mbiombio hadi kule yadi. Yule mtu alikuwa amekaa, na hata alivyokaa tulitazamana macho kwa macho. Wala hakuniuliza nimefuata nini. Nikatupa macho kwenye pikipiki zilizopangwa. Chini ya siti moja kulikuwa na utepe wa nywele, wa mtoto. Chini ya nyingine, mkanda wa sidiria. Nyingine, kamba ya aproni. Sikutaka kuona zaidi.

"Nikatie ile kamba," nikamwambia.

"Fundo lile halikatwi, shemeji. Linabadilishwa." Akatabasamu. "Uzi ni mmoja. Ukirefuka huku, unafupika kule."

Jioni nikamsubiri mume wangu. Nikapiga magoti, dada, nikamwonyesha mtoto alivyo. Hakushtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua.

"Mtoto atakua tu," akasema. "Watoto hukua. Mimi nilishamaliza kukua, na nani alinionea huruma? Maisha yangu yote nimeongea na vifua vya watu. Leo naongea na nyuso."

"Ni mwanao!"

"Ndiyo. Ndiyo maana imeshika."

Akajilaza, akakoroma kama mtu asiye na deni.

Usiku huo, niliposikia tena ile tik, tik, nikaenda sebuleni na bisibisi. Sikuwasha taa. Siti ikafunguka, na ile harufu ikanipiga usoni. Nikaingiza mkono. Uzi ulikuwa wa uvuguvugu. Umelowa. Ulikuwa unapigapiga kama kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Nilitaka kupiga kelele nikauma mdomo. Nikalifungua fundo kwa meno, nikachomoa kamba ya mwanangu, na kabla uzi haujaning'inia mtupu nikachana pindo la gauni langu, nikalifunga pale.

Tik ikanyamaza.

Kisha ikaendelea.

Chiriku siku hizi analifikia komeo, umemwona mwenyewe alivyo na vurugu. Na mimi umeniona. Siku ile uliponicheka gauni linaburuta, ukasema nimevaa la mwenye nalo, nililia chooni. Gauni ni langu, dada. Kigoda cha kunyolea ninakipanda mimi sasa, nikitaka kuonja mchuzi.

Mume wangu hajawahi kuuliza. Siku moja tu alisimama karibu nami, akanitazama kutoka juu, akaniwekea kiganja utosini kama unavyompima mtoto. "Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa unaniona," akasema. Akaenda zake anapiga mluzi.

Ningevumilia. Kwa nini nisivumilie, mtoto si mzima? Lakini jana alirudi kazini, akaingia ameinama. Mlango uleule wa siku zote, dada. Alipojinyoosha ndani, nikasikia viungo vyake vikilia... kimoja baada ya kingine.

"Hii imekuwa fupi kwangu," akasema. "Magoti yangu yanagonga hendeli. Kesho twende tukachague ya juu zaidi."

Nikamvuta Chiriku karibu.

"Nawe huna tena cha kunitosha." Alisema kwa upole, kama anayeninong'oneza mapenzi. "Mvalishe mtoto viatu. Vile vya kamba."

Ndiyo sababu umeniona mlangoni kwako saa hizi, bila begi, na mtoto miguu mitupu. Mvalishe kandambili. Akililia viatu, mnunulie vya kubandika. Nguo zake zote chomoa kamba, hata ya kofia. Mimi narudi, kwa sababu nisipoonekana atatufuata wote, na hapa kwako ndipo atakapoanzia asipopewa jibu la kumzuia. Nitamwambia mtoto nimempeleka kwa watu asiowajua.

Ataniinamia, ataniuliza yuko wapi. Nitainua uso nimtazame, na sitasema. Hata nikifika kimo cha komeo. Hata nikipita chini yake.

Wewe nimekwisha kukuambia. Naapa kwa huyu aliyelala hapa, simwambii mtu mwingine.