Waya wa Mafuta

Mshikaji wangu Adolfu, graduate mwenzangu ambaye nchi hii haina haja naye, aliazima gari kuukuu amkimbize mwanawe mwenye homa hospitali ya Sumbawanga. Karibu na Chanji giza likaingia na ukungu, na gari, hata akiweka gia free, likawa linanguruma kama linapanda mlima. Akasimama, akafungua boneti.

"Bertilla, toa mguu kwenye mafuta!" akamfokea mkewe.

"Mguu gani, wewe? Mimi nipo nyuma na mtoto. Fanya haraka, anachemka!"

Adolfu akauchomoa kwenye injini waya unaotoka kwenye pedeli ya mafuta, akaushika. Mngurumo ukashuka, kilio cha mtoto nacho kikakatika. Ndipo waya ukaanza kuvutwa vidoleni mwake, taratibu, kuelekea kiti cha dereva. Ukalegezwa, kisha ukavutwa tena, kwa nguvu.