Nyumba Inayojibu Wakubwa

Hii hapa nyumba mpya. Na huyu hapa Somoe, mwenye miaka sita na meno machache.

Nyumba inang'aa! Sakafu ni ya marumaru. Kuta ni nyeupe na tupu. Sebuleni kuna viti vinne vya plastiki, basi.

Siku moja Bibi akaja kutoka Newala, na begi lake na mfuko wa mbaazi. Akasimama mlangoni.

"Hodi!" akasema Bibi.

"Hodi! Odi! Di!" ikasema nyumba.

Bibi akakunja uso. "Nyumba gani hii? Naipigia hodi, nayo inanipigia hodi!"

Somoe akaja mbio. "Shikamoo, Bibi!"

"Moo! Moo! Moo!" ikasema nyumba.

"Marahaba," akasema Bibi. "Kumbe mnafuga ng'ombe humu ndani?"

Baba akacheka. "Ni mwangwi tu, Mama. Nyumba ikiwa tupu, hurudisha sauti."

"Mtoto akinijibu hivi, namfinya sikio," akasema Bibi. "Nyumba nitaifinya wapi?"

*Nyumba haina adabu,*
*kila neno hulijibu!*

Jioni wakala ugali na mbaazi. Mbaazi zikafanya kazi yake. Bibi akajamba. Kidogo tu.

Pu!

"Pu! Pu! Pu! Pu!" ikasema nyumba.

Baba akatazama dari. Mama akatazama sahani. Somoe akaanguka kutoka kwenye kiti.

"Nimejamba mara moja!" akasema Bibi. "Moja! Nyumba hii inanisingizia!"

*Nyumba haina adabu,*
*kila neno hulijibu!*

"Bibi, hadithi!" akasema Somoe. Hadithi ndiyo aliyokuwa akiisubiri siku zote.

"Fisi alikuwa na njaa," akaanza Bibi.

"Njaa! Jaa! Aa!" ikasema nyumba.

"Akamwona mbuzi…"

"Mbuzi! Buzi! Zi!"

Maneno yakakanyagana. Fisi hakujulikana yuko wapi. Mbuzi hakujulikana ni nani.

Bibi akanyanyuka. "Mke mwenzangu," akamwambia Somoe, maana ndivyo anavyomtania, "kesho narudi Newala. Kuku wangu nikisema, wananyamaza."

Bibi aondoke? Na hadithi zake zote tumboni?

Somoe akasimama katikati ya sebule. Akaweka mikono kiunoni.

"Nyamaza!"

"Nyamaza! Maza! Za!" ikasema nyumba.

Somoe akavua kandambili, akauchapa ukuta. Pa!

"Pa! Pa! Pa!" Ukuta haukulia. Ulicheka.

Somoe akakimbilia chumbani. Akajitupa kwenye rundo la nguo zilizofuliwa, akazamisha kichwa chote.

"Nyumba mbaya!" akasema.

Kimya.

"Nyumba masikio makubwa!"

Kimya kabisa.

Somoe akachomoa kichwa. Soksi ya Baba ilikuwa inaning'inia sikioni.

"Baba! Nguo zinakula sauti!"

Kazi ikaanza.

Buru! Buru! Somoe akaburuta godoro lake, akaliegemeza ukutani. Akapiga kofi. Pa!

"Pa! Pa! Pa!" ikasema nyumba.

Ko! Ko! Ko! Baba akatundika kanga za Mama, huku na huku. Somoe akapiga kofi. Pa!

"Pa! Pa!" ikasema nyumba.

Mito ikaja. Mablanketi yakaja. Koti la harusi la Baba likaja, likaning'inizwa msumarini kama mgeni aliyechelewa. Somoe akapiga kofi. Pa!

"Pa!" ikasema nyumba.

"Kamebaki kamoja," akasema Bibi. Alikuwa amekaa, begi mapajani. "Nakasikia."

Somoe akatazama juu. Akatazama chini. Sakafu imelala, tupu, inang'aa kama kichwa cha Baba.

Kisha akatazama nyuma ya mlango.

Hapo limesimama zulia. Jekundu! Nene! Limeviringishwa, limefungwa kwa nailoni.

"Usiliguse!" akasema Mama. "Hilo ni zulia la wageni!"

"Wageni gani?" akauliza Baba. "Tangu tulinunue, hata mimi sijalikanyaga."

"Wageni wa maana!"

Somoe akamtazama Bibi na begi lake. Akamtazama Mama.

"Kwani Bibi si wa maana?"

"Maana?" ikauliza nyumba.

Mama akamtazama Bibi. Bibi akatazama dari, akajikuna kisogo, kana kwamba hasikii.

Chraaa! Mama akachana nailoni.

Viri, viri, viri… puuf! Zulia likatandikwa sebule nzima.

Somoe akapiga kofi. Pa!

Wakasubiri.

Kimya.

Bibi akasimama, akachukua begi lake. Akatoka nje. Akafunga mlango.

"Bibi!" Somoe akashtuka. "Usiende!"

Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi!" ikasema sauti mlangoni.

Nyumba ikanyamaza.

"Karibu, Bibi!" Somoe akapiga kelele. "Karibu ndani!"

Bibi akaingia. Akavua viatu. Akalikanyaga zulia la wageni, kidole kimoja kimoja, kama kuku ndani ya unga.

"Haya," akasema. "Sasa nikipiga hodi, najibiwa na mtu."

Akaliweka begi chini. Akakaa. Somoe akaweka kichwa mapajani pake, pale pale begi lilipokuwa.

"Fisi alikuwa na njaa," akasema Bibi. Neno likatoka moja, likafika moja. "Akamwona mbuzi. Akasema, 'Mbuzi, njoo tule wote.' Mbuzi akasema, 'Tule nini?' Fisi akasema, 'Nitakwambia ukifika.'"

Somoe akacheka. Baba akacheka. Mama akacheka mpaka akajilaza kwenye zulia.

Na katikati ya hadithi…

Pu!

Wote wakashika pumzi. Wakazitazama kuta. Wakalitazama godoro. Wakalitazama koti la harusi.

Kimya.

"Imesikia," Bibi akanong'ona. "Lakini imenyamaza. Hiyo ndiyo adabu."

*Nyumba yetu ya adabu,*
*ukisema, haijibu!*

"Je, mke mwenzangu, niendelee?"

Somoe hakujibu. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, akilidondoshea mate zulia la wageni.

Mama akayaona yale mate.

Na Mama naye akanyamaza.