Swali la Betri Isiyo na Risiti

Ting! Kama kijiko kilichogusa ukingo wa kikombe. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu magharibi, nyumba nzima giza, lakini Mtahini pale juu ya kabati la vyombo ana betri yake mwenyewe. Hajui mgao.

"Swali. Mzigo wa kuthibitisha kosa la jinai hubebwa na nani?"

"Upande wa mashtaka!" Kabula alijibu huku akipapasa kiberiti.

"Sahihi. Alama tatu."

"Alama tatu!" alidakia Limi, bintiye wa miaka sita, kutoka mkekani. Alishajua kuiga sauti ya mama yake hata majirani wakacheka.

Shinyanga ya miaka hiyo, kila aliyetaka kusomea sheria alipewa Mtahini: kidude cha ukubwa wa kopo la maziwa, chenye jicho moja la kijani, kinachouliza saa yoyote kipendayo. Ukijibu upesi, unapata alama. Ukinyamaza, unapoteza. Kabula alijibu akifua, alijibu akisonga ugali. Zilibaki alama arobaini aingie chuoni.

"Hodi humu!" Mzee Ndaki, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliingia na tochi na karatasi. "Mama Limi, msomi wetu, nisomee hii. Tangu polisi wamchukue Holo mchana, naona herufi zinacheza ngoma tu."

Holo, mkewe, alikuwa fundi wa mitambo ya kuvuna umande. Ndiye aliyekuja kukaa na Limi kila jioni Kabula alipokwenda darasa la maandalizi. Siku chache nyuma alihojiwa kuhusu betri moja, akaachiwa arudi nyumbani. Kesi yake ilikwenda kwa Mwamuzi, mashine iliyorithi viti vya mahakimu, na ikaamuliwa kabla chai haijapoa. Busara yake Mwamuzi aliitoa wapi, hakuna aliyeuliza.

Kabula alisoma. "Fundi amekutwa na betri ya wizi. Anasema aliinunua mnadani. Hana risiti. Ana hatia. Miaka minne."

"Risiti ya mnadani!" Ndaki alifoka. "Mnadani risiti ni kupeana mkono mbele ya watu! Hata ng'ombe wa mahari yake niliwanunua hivyo hivyo."

Kabula hakumsikia. Sentensi fupi fupi zile alizijua. Aliinua macho kabatini.

"Mtahini, swali hili ni lako?"

"Ndiyo. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Jibu lako: ana hatia. Sekunde mbili. Alama tano."

"Lakini hii ni kesi ya mtu!"

"Maswali yote magumu ni kesi za watu. Mwamuzi akikwama, huuliza watahiniwa wenye alama nyingi. Masharti, ukurasa wa sitini. Uliweka kidole."

Kabula alikaa sakafuni. "Nimejibu... mangapi ya namna hiyo?"

"Mia mbili na kumi na saba."

Ndaki alimmulika usoni. "Wewe, Mama Limi? Holo uliyemwachia mtoto?"

"Baba, Jumanne nilikuwa darasani! Sikuwapo hapa, Mungu shahidi..." Aligeuka taratibu kutazama mkekani. Limi alikuwa amejifunika khanga usoni.

Kabula alielewa. Mambo ya kukariri aliyokuwa akiyatamka huku anakuna nazi yalimrudia, sasa yana uzito. "Mtahini. Hukumu iliyotokana na asiye na sifa ya kuamua?"

"Ni batili. Ushahidi wa mdomo unatosha kufungua rufaa. Angalizo: mtahiniwa aliyemwachia mwingine ajibu hufutiwa alama zote, daima."

"Mwanangu," Ndaki alisema, sauti imelegea, "miaka yote hiyo ya kusoma usiku..."

"Alama ziende, baba. Na hao wengine mia mbili nitawatafuta mmoja mmoja, hata kwa miguu."

Alimshusha Mtahini, akamweka mkekani. Jicho la kijani liliuangaza uso mdogo uliolowa machozi. Kabula alimpakata binti yake.

"Hakuna atakayekuchapa, mama. Kosa ni langu. Mwambie tu ilivyokuwa, kwa sauti."

Limi alivuta kamasi, akalisogelea lile jicho.

"Nilijibu mimi, na bibi Holo alikuwa jikoni ananipikia uji."