Rangi Ilifika, Mpira Haukufika

Kamba ya chuma ilikatika saa tatu asubuhi, kabla chai haijapoa. Ililia kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira. Kipande chake kilirudi kikichapa juu ya sitaha, kikang'oa reli, kikamkuta Fundi Pampu ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kikombe hakikuonekana tena. Wala vidole viwili.

Mbele yao, meli ndogo iliyokuwa ikiwavuta ilizama pua, ikainuka, ikazama tena. Redio ikakoroma: "Tunaondoka! Mawimbi yatatumaliza na sisi. Tutawarudia bahari ikitulia."

"Mtatukuta wapi?" Serahangi alifoka. "Chombo hiki hakina injini! Mtatukuta wapi?"

Ile meli iligeuza kisogo, mvua ikaimeza.

Walibaki watatu ndani ya meli ya kivita iliyojengwa kubeba askari mia nne na vifaru kumi na viwili. Serahangi, mkuu wa mabaharia, alikuwa ameitumikia miaka ishirini na sita. Fundi Pampu alikuwa mtu wa mzaha ambaye hata sasa alikuwa akiutazama mkono wake kama wa jirani. Wa tatu alikuwa Mama Cheche, mchomeleaji wa gatini, aliyekodiwa kwa siku mbili tu achunge vishikizo vya kamba. Meli yenyewe ilikuwa imestaafu. Wiki iliyopita ilipigiwa tarumbeta, ikapakwa rangi nyeupe, ikahutubiwa. Sasa ilikuwa inavutwa kwenda bandari nyingine ikawe makumbusho.

Mabaharia waliiita Bibi Mdomo. Omo yake, yaani pua, ilikuwa na milango miwili iliyofunguka kama taya, na nyuma ya taya kulikuwa na daraja la chuma la kuteremshia magari ufukweni. Daraja hilo likisimamishwa ndilo lililozuia bahari, nalo lilizungushiwa mpira mnene pande zote. Siku ya kuondoka, Mama Cheche aliuliza habari za huo mpira. Mkaguzi alikuwa gatini chini ya mwavuli, hata ngazi hakuikanyaga.

"Mama, wewe chomelea vishikizo," alimwambia. "Mengine yamekaguliwa." Akagonga muhuri karatasi ikiwa juu ya goti.

"Usitazame," Mama Cheche alimwambia sasa Fundi Pampu, huku akimfunga mkono kwa shuka iliyochanwa.

"Vimebaki vingapi?"

"Nane."

"Vinatosha. Hesabu yangu ilikuwa mbovu hata na kumi."

Alikuwa bado anakaza fundo waliposikia omo ikipasuka. Wimbi lilikuwa limeing'oa taya ya kulia, likaondoka nayo. Fundi Pampu alifumba macho. "Mdomo uliponza kichwa," alisema. Safari hii hakucheka.

Waliteremka mbio mpaka ghala la vifaru, ukumbi mrefu wa chuma, mtupu, unaonuka rangi mpya. Maji yaligusa magoti. Kule mbele, kuzunguka lile daraja, bahari iliingia kwa mistari, kama maji ya bomba uliloziba kwa kidole. Kila wimbi lilipogonga, mistari ilinenepa.

"Saa ngapi tunazo?" aliuliza Mama Cheche.

"Maji haya yakianza kukimbia huku na huku, meli italala ubavu," Serahangi alisema. "Kabla ya jioni."

"Naweza kuchomelea mabati juu ya ufa. Lakini si chini ya maji, baba. Nitakufa kwa umeme kabla ya kufa kwa maji."

Mzee aliitazama omo. Kisha akapiga kiganja ukutani, kama mtu aliyekumbuka jina la rafiki. "Bibi huyu kazi yake ilikuwa kupanda ufukweni. Ana matangi ya maji mbele na nyuma kwa ajili hiyo. Tukimwaga ya mbele na kujaza ya nyuma, pua inainuka. Fundi!"

"Nimesikia. Mkono mmoja utatosha kufungua koki. Huu mwingine utanisimamia."

Alikaa katika chumba cha pampu kwa muda wa saa nne, akitukana kila koki kwa jina lake. Polepole sakafu ilianza kuinama kuelekea tezi, nyuma ya meli. Maji ya ghalani yalirudi nyuma, yakakusanyika mahali pampu ya dizeli ilipoweza kuyanyonya. Pua ilipanda. Bahari, iliyokuwa ikigonga katikati ya daraja, sasa ilifika ukingo wa chini tu, wimbi kubwa likija.

Mama Cheche alikuwa ameshusha nyaya za mashine yake ya dizeli kupitia tundu la sitaha na kupanga mbao za kusimamia. Kwanza ilikuwa lazima aikwangue rangi, maana moto haushiki chuma kilichopakwa. Alikwangua kwa patasi, na rangi ikatoka kwa vigae vinene kama kucha za miguu ya wazee. Kigae kimoja alikigeuza kwenye mwanga wa taa ya kichwani. Kilikuwa na mistari.

Serahangi, aliyekuwa ameshika bati, alikisogelea. "Nipe nione. Hii nyeupe ni ya juzi, ya kuagwa. Kijivu hiki kilikuwa cha ziara ya waziri. Nyeupe hii ni ya mwaka wa mafuriko. Tulipitisha watu elfu mbili kwenye mlango huu, na mbuzi, na kitanda cha ajuza aliyeapa hakiachi." Alitabasamu kidogo. Kidole chake kikashuka mstari mmoja. "Na hiki kijivu ni cha vita. Tulishusha vijana mia tatu alfajiri. Jioni tulirudi kuwachukua, wakaenea kwenye mabenchi mawili."

Mama Cheche aliishusha patasi, maana kuna jambo huwezi kulikwangua kwa pupa.

"Na hizi nyingine?"

"Sherehe. Sherehe. Sherehe. Ukaguzi. Sherehe. Ukaguzi. Sherehe."

Jumla tabaka kumi na moja. Alikitia kigae mfukoni, akaendelea. Patasi ikaufikia mpira. Haukunyumbuka. Ulivunjika kama ganda la mkate uliosahauliwa juani, maana huo nao walikuwa wameupaka rangi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukafa ndani ya rangi. Kwenye kipande alichoking'oa kulikuwa na tarakimu zilizochongwa kiwandani: mwaka meli ilipoundwa. Mpira ulikuwa na miaka thelathini na minne. Yeye alikuwa na ishirini na saba.

Aliinuka taratibu. Juu, kwenye kisanduku cha kioo walichokiandaa kwa ajili ya makumbusho, palikuwa na daftari la utumishi wa meli. Alilisoma siku ya kwanza, kwa heshima, mikono nyuma.

"Daftari linasema mpira huu umebadilishwa mara nne."

Serahangi alilitazama bati mikononi mwake.

"Sahihi ina mkia uliojikunja kama wa nge. Sahihi hiyohiyo iko kwenye karatasi yangu ya kupandia meli."

"Mwanangu..."

"Mimi si mwanao. Mwanao ungempandisha humu?"

"Niliamriwa."

"Mkono ulikuwa wa nani?"

Wimbi liligonga. Maji yaliwapiga usoni wote wawili.

"Wangu," mzee alisema. "Niliomba mpira kila mwaka. Rangi ilifika. Mpira haukufika hata siku moja. Kamanda anasema, saini, ukaguzi ni kesho, mpira uko njiani. Mara ya kwanza sikupata usingizi. Mara ya nne nilisaini huku nakunywa chai."

Kifua cha Mama Cheche kilikuwa kinauma. Maziwa hayajui dhoruba. Yanajua saa tu, na saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita tangu asubuhi. Nguo yake ililowa mbele kwa maji ya moto, si ya bahari.

"Nina mtoto wa miezi tisa," alisema, na kilichoitetemesha sauti yake hakikuwa woga. "Nimemwacha kwa mama yangu, nimemwambia siku mbili. Ana meno mawili. Nikizama humu wewe utamwambia nini? Kwamba mama yako alizamishwa na kikombe cha chai?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Inua uso. Shika hilo bati. Utalishika mpaka nikuambie acha."

Alilishika. Cheche ziliruka, zikamwangukia mikononi, hakuachia. Mama Cheche alichomelea kwa hasira, na hasira ilikuwa na mkono mtulivu kuliko alivyodhani. Bati la kwanza, la pili, la tano. Moshi wa rangi uliwakaba, wakakohoa, wakaendelea. Alipokuwa akichomelea pembe ya mwisho, Fundi Pampu alikuja kusaidia bila kinga ya macho, akautazama moto. Jioni ilipoingia, mistari ya maji ilikuwa imekwisha, na yeye alikuwa anajikuna macho akilia kama aliyetiwa mchanga.

"Lala chali," Mama Cheche alimwambia. Akaugeukia ukuta, akakamua maziwa kwenye kifuniko cha chupa, akamdondoshea matone mawili kila jicho, kama wachomeleaji wa gatini wafanyavyo.

"Ni nini hiki?"

"Dawa."

"Ina uvuguvugu." Akatafakari. "Dada, nimeanza kunyonyeshwa uzeeni, tena kwa macho. Mke wangu asijue."

Mama Cheche alicheka, na kicheko kilimuudhi, kwa sababu hakuwa amemaliza kukasirika.

Kiu iliwajia usiku huo na haikuondoka. Tangi la maji ya kunywa nalo lilikuwa limepakwa rangi ndani kwa ajili ya kuagwa. Maji yalinuka, na aliyeonja alitapika. Walikuwa na dumu moja dogo, maji yamebaki kidogo chini. Mama Cheche ndiye aliyepima: kifuniko kimoja kimoja, mgonjwa viwili. Zamu ya Serahangi ilipofika alimwekea kifuniko chini, hakumpa mkononi.

Asubuhi mvua ilikatika, lakini upepo ulizidi. Meli, pua juu na tezi nzito, ilikuwa inasukumwa na upepo omo ikitangulia. Kwa mbali palikuwa na nchi kavu: mwamba mweusi upande wa kushoto, ukitoa povu, na upande wa kulia kipande cha mchanga.

"Tunaenda wapi?" aliuliza Fundi Pampu, macho yamefungwa kitambaa.

"Mwambani," alisema Mama Cheche.

"Bado," alisema Serahangi. "Kuna nanga ya tezi. Chombo cha kupanda ufukweni huangusha nanga nyuma kikiingia, ili mawimbi yasikigeuze ubavu. Nikiiburuza kidogo itatuvuta kulia. Lakini mtambo wake hauna umeme. Breki ni ya mkono." Akamtazama Mama Cheche kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nahitaji mtu wa kunipimia kina. Na nahitaji aniamini."

"Kina nitakupimia," alijibu.

Alifunga nati kubwa kwenye kamba yenye mafundo, akairusha. "Mita kumi na nane!"

"Bado."

"Kumi na tano! Mwamba huo!"

"Bado."

"Kumi na mbili! Mzee, angusha!"

Mnyororo ulishuka kwa ngurumo, kutu ikafuka kama moshi. Serahangi alining'inia kwenye gurudumu la breki kwa uzito wake wote. Viganja vilivyoungua jana vilichubuka, ngozi ikabaki kwenye chuma. Tezi ilishtuka. Omo ikazunguka pole, pole mno, na mwamba ukapita ubavuni karibu kiasi cha kuona majani yaliyoushika. Kisha akaachia, akakaza, akaachia, na Bibi Mdomo akafanya kazi aliyozaliwa nayo. Alipanda mchanga kwa mkwaruzo mrefu, akatulia.

Mzee alikuwa amekaa chini, viganja vimeelekea juu. "Nenda tezi, nenda omo, marejeo ni ngamani," alisema. "Miaka ishirini na sita, na huu ndio ufukwe wangu wa mwisho."

Mama Cheche alileta dumu. Yalikuwa yamebaki mafunda matatu. Alipiga magoti, akamnywesha mwenyewe.

Mlango ulikuwa umechomelewa, kwa hiyo walishuka kwa ngazi ya kamba, Fundi Pampu akiongozwa miguu kama mtoto. Saa mbili baadaye lilifika gari la jeshi, na ndani yake luteni mwenye viatu safi. Aliwapa maji. Aliwapa pole. Kisha akawapa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Sababu ya ajali: dhoruba.

"Saini hapa, mama, gari likupeleke nyumbani. Utaratibu tu."

Gari lilikuwa linanguruma. Nyumbani palikuwa mwendo wa nusu siku kwa gari. Maziwa yalimchoma. Mama Cheche alishika kalamu, akaliangalia lile neno, akalikata kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika: rangi.

"Rangi?" Luteni alikunja uso. "Hilo nani atalielewa?"

Alitoa kigae mfukoni, akakiweka juu ya karatasi. Tabaka kumi na moja. Kando yake akaweka kipande cha mpira, tarakimu juu. "Atakayehesabu."

"Karatasi kama hiyo siwezi kuipeleka. Na gari ni la walio..."

"Lete kalamu," alisema Serahangi. Aliishika kwa vidole vilivyofungwa vitambaa. Akaandika polepole: Mpira haukubadilishwa kamwe. Mara nne nilisaini uongo. Akaweka sahihi yake, mkia wa nge na kila kitu.

"Mzee, unajua pensheni yako—"

"Najua kusoma, kijana."

Fundi Pampu aliomba aonyeshwe mahali, akasaini bila kuona, nusu ya jina ikamwangukia Luteni kwenye mkono wa shati.

Gari liliondoka bila wao. Walitembea mpaka barabarani, Fundi Pampu ameshika bega la Mama Cheche, na lori la saruji likasimama kuwachukua. Nafasi mbele ilikuwa moja.

"Panda wewe, baba," Mama Cheche alimwambia Serahangi.

Alifika kwa mama yake alfajiri, mweupe kwa vumbi la saruji, akinuka moshi. Mtoto alimkodolea macho, akajificha shingoni mwa bibi yake, akalia. Kisha akasikia sauti. Akanyoosha mikono, akaparamia kifua, akanyonya kwa pupa kama mdai. Mama Cheche aliruka.

"Jino la tatu limetoka jana," bibi alisema. "Mchape kidogo kwa kidole, aache kuuma."

Mama Cheche alimfuta mwanawe machozi, akaacha alama ya masizi shavuni.

"Mwache aume," alisema. "Meno atayahitaji."