Honi Ina Mwenyewe

Tulikwenda kulivuta gari lile jioni, jua likishuka nyuma ya mapaa, kwa sababu fundi wangu alikuwa na kazi mchana kutwa. Fundi huyo tulimwita Spana. Shughuli yenyewe ilikuwa ndogo: kamba nene, gari lake mbele, langu jipya nyuma, mimi nimeshika usukani. Jipya kwa maneno tu. Lilikuwa gari la familia la zamani, refu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye viti vya ubavuni kule nyuma. Lilikuwa limekaa juu ya mawe miaka kumi na tisa, chini ya banda la mkunga mmoja mstaafu.

Nilikuwa na sababu. Binti yangu mdogo alikuwa na pumu. Tulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mwaka ule gari letu la kwanza lilituzimikia mlimani tukimkimbiza hospitali. Nilisukuma gari huku nikimsikia akivuta pumzi kwa shida mapajani mwa mama yake. Yeye alipona. Mimi sikupona. Niliapa nitapata gari lisilozima njiani, hata kama itabidi niliunde kwa mikono yangu.

Mkunga alitusubiri nje. Geti lake lilifungwa kwa mnyororo, na ufunguo alisema alikwisha kuutupa, ikabidi Spana aukate mnyororo kwa msumeno. Hapo ndipo nilipoona kwamba geti lile lina makomeo mawili. La juu lilikuwa la kawaida. La pili lilikuwa chini kidogo ya kiuno changu, limelainika kwa kushikwa.

"La nani hili la chini, mama?"

"La mtoto," alisema.

Tulipokwisha kufunga kamba, akaja dirishani kwangu.

"Badilisha utakacho. Injini, viti, rangi, vyote vyako. Honi iache palepale ilipo."

"Kwani ina nini?"

"Ina mwenyewe."

Nikamkonyeza Spana. Spana hakucheka, na huyo ni mtu anayecheka hata msibani.

Njia nzima niliendesha vioo vikiwa wazi. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya breki zilizoungua. Gari ambalo halikuwa limesogea kwa miaka kumi na tisa.

Tulilifanyia kazi miezi minane. Injini ilishuka, ikafunguliwa, ikapandishwa. Kutu niliikwangua mwenyewe kila Jumamosi, binti zangu wawili wakishika msasa pembeni na kugombania vipande. Vifaa vyake vilikuwa adimu, lakini Spana hakukwama. Aliokota hiki kwenye lori bovu, kile kwenye trekta.

"Spea si lazima iwe ya gari lile lile," aliniambia. "Mradi saizi ni moja, itafanya kazi."

Neno hilo nililipenda. Nikalibeba moyoni. Laiti ningelisahau.

Siku gari lilipowaka, nikaanza kwenda nalo kazini. Nikirudi jioni nilipiga honi getini: ndefu moja, fupi mbili. Sijui nani alinifundisha kupiga hivyo. Mkono ulianza wenyewe. Nikawatungia binti zangu mchezo. Atakayefika wa kwanza kufungua atakaa kiti cha mbele kesho, wa mwisho ataosha vyombo. Mkubwa alikuwa na miguu mirefu, basi Chiriku akawa analia. Nikamchomelea komeo lake la chini ili asihangaike na lile la juu. Wazo nililiiba kule kwa mkunga. Tangu hapo Chiriku alishinda kila siku.

"Utawaua watoto na hizo mbio," alisema mke wangu.

"Mbio zinakuza mapafu," nikamjibu. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu miaka ile.

Kilichoniponza ni mdomo wa jirani. Honi ile ilikuwa na sauti nzito, yenye mkwaruzo. Siku moja jirani akasema mbele ya watu, "Mtoto ana pumu, gari lina kikohozi. Familia imekamilika!" Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, ila ndani nilikuwa nawaka. Kesho yake nikanunua honi mpya.

Spana alikataa. "Mimi hiyo siigusi. Uliambiwa nini?"

Nikaitoa mwenyewe. Boliti mbili tu, na hazikuwa na kutu, wakati kila boliti ya gari lile tuliipigania kwa nyundo. Waya wake ulikuwa umefungwa kwa utepe wa nywele wa mtoto. Mwekundu. Umekazwa mafundo saba. Nikaukata kwa koleo, nikautupa kwenye moto wa matambara ya grisi, na honi nikaiweka kwenye boksi pembeni ya ukuta.

Siku ya tatu, jua likizama, nilikuwa chini ya gari uani nikitia grisi. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwangu.

Honi ikalia.

Pooooo… po, po.

Nje ya geti.

Si ile mpya. Ilikuwa ile nzito, yenye mkwaruzo. Ile ambayo, pale nilipolala, nilikuwa nikiliona boksi lake pembeni ya ukuta, halijaguswa.

Kisha nikaona miguu. Kutoka chini ya gari huoni zaidi ya miguu. Miwili, midogo, mitupu, ikipita mbio.

"Baba kaja! Mimi wa kwanza!"

"Chiriku! Baba niko huku! Chiriku!"

Kla. Komeo la chini.

Nikatoka kwa pupa, nikagonga paji la uso kwenye bati, damu ikaniingia jichoni. Chiriku alikuwa amesimama kwenye geti lililo wazi, uso ameuinua, usawa wa dirisha la dereva.

"Shikamoo baba," alisema.

Aliuambia upepo. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtoto anayepewa maagizo.

Nikafika. Barabara tupu. Hata vumbi halikutimka. Lakini harufu ya breki zilizoungua ilikuwa nzito mpaka nikakohoa.

"Unaongea na nani?"

"Na baba."

"Baba ni mimi."

Akanitazama. Akatazama barabara. Akanitazama tena.

"Yule mwingine," akanong'ona. "Kasema nimechelewa. Siku nyingine nikimbie zaidi."

Asubuhi nilikuwa kwa mkunga kabla jua halijapanda. Nilimkuta anafagia, uso umemnawiri.

"Umeitoa," alisema, hata salamu sijatoa.

Nikamwomba anieleze. Alieleza bila kuacha kufagia.

"Mume wangu alikuwa akipiga honi, mtoto anakimbia kufungua. Alikuwa na miaka sita. Siku hiyo alipiga honi gari likiwa bado kwenye mwendo. Breki zilishika, gari likasimama. Mtoto ndiye hakusimama." Akakusanya taka. "Baada ya mazishi mume wangu aliendelea kupiga. Kila jioni, hapo nje, mpaka afunguliwe. Akafia kwenye usukani. Honi ikaendelea kulia, na mtoto wa jirani akaanza kuikimbilia. Nikamtafuta mganga. Akaomba utepe wa binti yangu, akaifunga honi nao. Tangu hapo mume wangu anafunguliwa geti na mtoto wake, hana haja na mtoto wa mtu."

"Na wewe ukaniuzia!"

"Nilikuambia iache. Hujui kila jioni nilikuwa nasikia nini, miaka yote hiyo. Komeo la chini, linafunguka lenyewe. Nikaweka mnyororo, likafunguka. Gari likaondoka, komeo bado likafunguka. Mpaka juzi ulipoitoa." Hapo ndipo aliponitazama. "Juzi nimelala, baba. Mwanangu amepumzika."

"Nifanyeje?"

"Rudisha honi na utepe wake."

"Utepe nimeuchoma."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufagia. Vumbi likanijia miguuni, wala hakuomba radhi.

Mchana ule nikairudisha honi ya zamani mahali pake. Boliti ziliingia kama zilizokuwa zikisubiri. Nikabaki nimeshika waya, nikifikiri. Spana alikuwa amesafiri kufuata injini, sikuwa na wa kumuuliza. Ndipo neno lake likanijia. Spea si lazima iwe ya gari lile lile. Mradi saizi ni moja.

Chiriku alikuwa na miaka sita.

"Njoo," nikamwita. "Nipe utepe wako."

"Wa nini, baba?"

"Wa gari."

Akaufungua kichwani kwa furaha, maana gari alilipenda kuliko kitu. Nilifunga mafundo saba. Yeye mwenyewe aliweka kidole kwenye kila fundo, nisije nikalilegeza.

Jioni ile ilipita kimya. Na ya pili. Juma zima. Nikajiona fundi kuliko mafundi wote, mtu aliyetengeneza hata kile asichokiona. Mchezo wa mbio niliufuta, nikasema ni kwa usalama, na nikirudi nilikuwa nashuka kufungua geti mwenyewe.

Siku ya nane nikitoka kazini nikapitia gereji. Spana alikuwa amerudi. Nikamsimulia nikijisifu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakiweka chini polepole.

"Umefunga wa nani?"

"Wa Chiriku. Saizi ni…"

"Wa kwanza ulikuwa wa maiti," alinong'ona. "Wewe umempa mzima. Nenda nyumbani. Nenda!"

Nikaenda. Gari lile halikukohoa, halikusita. Mlima uliotushinda na gari la kwanza lilipanda kama hakuna mlima. Tuliliunda vizuri mno. Lingezima hata mara moja tu, pengine ningechelewa, pengine mke wangu angekuwa amekwisha kumwita ndani. Halikuzima.

Nikakata kona ya nyumbani. Jua lilikuwa linazama. Mikono yote miwili nilikuwa nimeiweka mbali na honi, naapa kwa kila kitu.

Pooooo… po, po.

Nyuma yangu.

Kla.

Geti likafunguka, akatoka. Akikimbia, nywele wazi, bila utepe. Nikakanyaga breki. Zilishika. Gari likasimama pale pale, mbali naye kabisa. Nikapumua.

Yeye hakusimama.

Alipita ubavuni mwa gari langu bila kunitazama. Dirisha lilikuwa wazi, ningenyoosha mkono ningemgusa. Kwa nini sikunyoosha? Swali hili ndilo ninalolala nalo.

"Shikamoo baba! Leo sijachelewa!"

Halafu breki. Si zangu. Mlio mrefu wa breki za gari lisilokuwepo.

Harufu ilinifikia kabla sijafungua mlango.

Gari langu lilikaguliwa mbele na nyuma. Halikuwa na mkwaruzo wala tone la damu. Lakini watu waliona walichokiona: gari la baba, geti wazi, mtoto barabarani. Mke wangu aliniuliza neno moja tu, siku ya tatu ya msiba.

"Ulikuwa unakimbilia nini?"

Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akamchukua binti mkubwa, wakaenda kwa mama yake, na hawajarudi. Simlaumu. Ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Nilidhani mambo ya utepe ule yangeishia kaburini. Jioni ya arobaini nikiwa nimekaa barazani peke yangu, honi ikalia nje. Ndefu moja, fupi mbili. Nikasikia miguu miwili mitupu ikipita uani mbele yangu, na pumzi, ile ya kuvutwa kwa shida. Bado ana pumu. Hata huko bado ana pumu, na bado anakimbizwa.

Kla.

Ni kila jioni sasa. Nimeuvuta utepe kwa koleo, kwa kisu, kwa meno. Haukatiki. Nadhani aliyefunga hawezi kufungua.

Jana alikuja mtu kuliona gari. Alikuja na mke wake na mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, mchangamfu, anauliza maswali bila kusubiri majibu. Nililiwasha likawaka papo hapo.

"Linazima njiani?" aliuliza yule baba. "Nataka gari la kuaminika. Nina familia."

"Halijawahi kunizimikia."

Akafungua boneti, akachungulia. Nikamwambia abadilishe atakacho, ila honi aiache palepale ilipo.

"Kwani ina nini?"

"Ina mwenyewe."

Akamkonyeza mke wake. Wakati wa kutoka, mtoto wao aliona lile komeo la chini, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena, akicheka. Baba yake akainama kulitazama.

"Wazo zuri hili," alisema. "Na mimi nitamtengenezea."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika ulimini. Kisha nikatazama jua, nikaona limeanza kushuka, nikakumbuka pumzi ile. Nikafungua geti, wakaondoka, mtoto akinipungia mkono dirishani.

Leo jioni komeo limelia kama kawaida. Gari halipo, na mwanangu bado anakimbia. Mkunga aliyasema haya, mimi sikusikia vizuri: kuliuza hakutoshi. Lazima mtu mwingine aukate utepe.

Basi nimekaa hapa barazani, naomba. Naomba yule bwana awe na jirani mwenye mdomo mchafu, amcheke mbele ya watu, amwambie gari lake lina kikohozi.