K Isiyo na Kitufe

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, siku moja baada ya Kalipa Kenenbaeva kuzikwa, karani Burulsun alikaa mbele ya kompyuta yake ili amfute marehemu kwenye foleni. Ilikuwa kazi aliyoizoea. Wodi ya kusafisha damu ya mji mdogo wa Ak-Kaiyng ilikuwa na mashine chache, na wengi waliozisubiri walifutwa kabla ya kuitwa. Jina la Kalipa lilikuwa pale pale, namba moja, kama lilivyokaa tangu vuli. Burulsun akaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mashine ikajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Akaandika tena, herufi moja moja. Jibu likawa lile lile.

Nje ya dirisha la kioo alisimama Ularbek, mume wa marehemu, aliyekuja kuchukua cheti cha kifo. Aliona yote. Majira yote ya baridi alikuwa akija hapo kila asubuhi kutazama skrini ya ukutani, kisha anarudi nyumbani kumwambia mkewe: bado wewe ni wa kwanza.

"Dada," alisema taratibu, "kama hayumo, mimi nilikuwa nasoma nini?"

Kufikia jioni Burulsun alikuwa ameshitakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kosa hilo lilikuwa na kifungo cha miaka.

Alhamisi akaja mpelelezi wa polisi, Kapteni Zeinep Arstanova kutoka Naryn, mwanamke wa miaka hamsini, mzito wa mwili na mchache wa maneno. Daktari mkuu, Esenaman, alimwonjesha mkate, akammiminia chai, na maoni yake alikuwa nayo tayari.

"Usijichoshe, Kapteni. Burulsun ana ugonjwa wake na mji mzima unaujua. Anasahau kugeuza kibodi."

Hakuna mtu wa huko asiyejua dhambi hiyo. Kila kitufe kina herufi mbili, ya Kikirigizi na ya Kiingereza, na usipogeuza unaandika takataka. Hiyo huonekana mara moja. Balaa ni zile herufi chache zinazofanana kama mapacha, K ikiwa mojawapo. Jicho haliwezi kuzitenganisha, lakini mashine ya mji mkuu, Bishkek, inayolinganisha majina na vitambulisho inazitenganisha. Ikikuta K ya Kiingereza kwenye jina la Kikirigizi, haikujui, inakuruka kimya kimya.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa pili nafasi moja tu ilipatikana. Mashine ikamruka Kalipa, ikamchukua namba mbili, msichana wa miaka kumi na sita aliyeitwa Meerim, binti Jumabai. Ularbek alipouliza, aliambiwa anayechagua ni mashine. Wiki tano baadaye mkewe akafa.

Kapteni alimkuta Burulsun kwenye meza yake, macho yamevimba.

"Niandikie tu, eje," Burulsun alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Nimekwisha. Hata mimi naamini ni mimi."

"Sijakuuliza unaamini nini. Andika jina lake upya, uweke K ya Kiingereza."

Burulsun akaandika. Kisanduku kikawa chekundu na mashine ikagoma kupokea.

"Hii imeanza kugoma lini?"

"Tangu vuli. Niliharibu majina mawili, nikapewa onyo, ndipo wakaweka kizuizi. Kaka Melis ndiye aliyekiweka, Bishkek wakimwongoza kwa simu."

"Melis ni nani?"

"Fundi wetu. Maji, taa, kompyuta, mashine, vyote ni yeye. Akiugua mafua, wodi nzima inapiga chafya."

"Sasa niambie, Burulsun. Kama kizuizi kinakataa, wewe ungekoseaje?"

Burulsun akakitazama kile kisanduku chekundu. Aliyekwisha kukata tamaa huogopa kupewa tumaini, na kusema kweli haikuwa furaha iliyoonekana usoni mwake.

Kapteni akalituma jina kama lilivyo kwa Daniyar, mtaalamu wa kompyuta wa polisi kule Bishkek. Simu ililia kabla chai haijapoa.

"Kapteni, hiyo K si ya kwetu, na si ya Kiingereza. Ni ya tatu."

"Ya tatu imetoka wapi?"

"Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake. Kuna pia fungu la alama zilizozaliwa na herufi: ile N yenye o kando tunayoandika kabla ya namba ya nyumba, ile ya nyuzi za joto, ile ya biashara. Hii ni K ya wanasayansi ya kupimia joto. Sura ni ya K, namba ni nyingine kabisa. Kizuizi chao kinakamata herufi za Kiingereza. Hii kwake ni alama tu, kikaiacha ipite."

"Nikitaka kuiandika, nabonyeza wapi?"

"Popote hubonyezi. Haina kitufe kwenye kibodi yoyote tunayotumia. Inabidi uitoe mahali ilipo, uinakili."

Kapteni akakata simu. Kidole kinaweza kuteleza kwenye kitufe. Hakiwezi kuteleza pasipo na kitufe. Mtu aliitafuta herufi hiyo, akaileta, akaipachika kichwani mwa jina la mgonjwa, akijua kizuizi kilipo. Kumbukumbu za mashine zilionyesha jina lilibadilishwa Ijumaa ya kwanza ya Februari, saa saba na dakika ishirini mchana, kwa akaunti ya Burulsun.

Kwanza akarudi kwa daktari, maana mtu anayekumiminia hukumu pamoja na chai lazima aulizwe.

"Ijumaa ile saa saba nilikuwa chumba cha upasuaji," Esenaman alisema kwa hasira. "Mikono yangu ilikuwa ndani ya tumbo la mtu. Waulize wauguzi wanne."

"Nitawauliza. Sasa haraka ya kumtupia karani ni ya nini?"

Daktari akainamia kikombe chake. "Kosa la karani linaishia kwa karani. Lakini ukisema ni hila, kuna kanuni. Nafasi iliyopatikana kwa hila inarudi foleni, na aliyeipata anaanza mwisho. Umeshamwona aliyeipata?"

"Bado."

"Kamwone kwanza, halafu uendelee na ushujaa wako."

Akaenda. Meerim alilala karibu na dirisha, mkono mmoja kwenye mirija, mwingine unafanya hesabu za shule. Mzee Jumabai, mwenye miaka sabini na minane, alikaa kando na kofia yake ya manyoya magotini. Msichana alimwita ata, baba.

Fundi Melis akaingia kukagua mashine. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mdomo, na wodi ikachangamka.

"Bibi, leo damu yako ni tamu, mashine inataka kuposa."

"Iambie ilete farasi tisa," bibi akajibu, "na wewe uwe wa kumi, punda."

Akataniana na huyu na yule mpaka kitanda cha Meerim. Hapo akanyamaza. Alitazama vipimo, hakumtazama msichana, akapita.

"Baike," Meerim akamwita, yaani kaka, "taa yangu inapepesa."

"Nitaibadilisha," Melis aliijibu taa.

Mgeni angedhani fundi hampendi mtoto yule. Zeinep aliutambua upesi ukimya ule. Yeye pia alikuwa kifungua mimba, na kama desturi ilivyotaka, alitolewa kwa babu na bibi akiwa mchanga, akapewa jina la babu, akamwita baba yake mzazi baike mpaka siku anamzika. Mwanamume hambembelezi mtoto wake mbele ya baba yake mwenyewe, ni aibu. Baba yake Zeinep aliwachekesha watoto wa kijiji kizima. Lakini kwa binti yake mwenyewe hakutupa hata jicho babu akiwapo.

"Mzee," aliuliza taratibu, "huyu ni mtoto wako wa mwisho?"

"Wa mwisho."

"Mungu alikukumbuka uzeeni."

"Mungu hutoa," mzee akasema, akaigeuza kofia magotini.

Kapteni akarudi kwa karani. "Ijumaa ile saa saba ulikuwa wapi?"

"Kula, eje."

"Kompyuta uliifunga?"

"Nilitaka kuifunga. Lakini kaka Melis alikuwa juu ya ngazi hapa, anabadilisha taa, akaniambia niende tu, atanilindia."

"Taa ilikuwa imeungua?"

Burulsun akafikiri. "Hapana. Alisema inakaribia."

Kesho yake asubuhi Kapteni alifungua kompyuta ya fundi. Humo mlikuwa na orodha ya bidhaa za taa kutoka China, na kila taa imeandikwa namba ya rangi ya mwanga wake na K mwishoni, maana rangi ya mwanga nayo hupimwa kwa kipimo kile kile cha joto. Akamtumia Daniyar. Ilikuwa ile ile K ya tatu.

Saa tisa alasiri alimkuta Melis kwenye chumba cha maji, akifunga vali.

"Una watoto wangapi, fundi?"

"Wavulana wawili."

"Na wa kwanza?"

Melis akaendelea kukaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

"Ulipanda ngazi kubadilisha taa nzima," Kapteni alisema. "Ulijua Burulsun atabebeshwa, kwa sababu kila mtu anajua kasoro yake. Ulijua kizuizi kinakamata nini na kinaacha nini, maana ulikiweka wewe. Herufi ukaitoa kwenye taa zako. Na aliyefuata kwenye foleni ameandikwa binti Jumabai. Mzee Jumabai ni baba yako, ila wewe unatumia jina la babu yako, kwa hiyo kwenye karatasi hamjuani. Ni binti yako."

"Usilitamke kwa sauti," alisema. "Mzee yuko koridoni."

"Kalipa naye alikuwa na watu wake."

"Namjua Kalipa. Alinifundisha darasa la tatu." Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu. "Nilipanga kumrudishia jina lake nafasi ya pili ikitokea. Haikutokea. Eje, nilimtoa yule mtoto akiwa na siku arobaini. Sijamnunulia viatu, sijampakata, hajawahi kuniita baba. Nikamwona anavimba miguu, daktari anasema hafiki masika. Nikasema angalau jambo moja nimfanyie."

"Ukamfanyia kwa roho ya mwingine."

"Ndiyo." Hakubisha. "Andika ni Burulsun. Watampunguzia, ana watoto. Mimi nitawalisha watoto wake maisha yangu yote. Ukiandika mimi, unamwua Meerim. Unajua hivyo?"

"Najua."

Alijua, na akaandika ukweli. Hakujisikia shujaa, alijisikia mtu aliyeambiwa achague mkono upi ukatwe, na mikono yenyewe si yake.

Ularbek alielezwa jioni ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo msichana alijua?"

"Hajui chochote hadi leo."

"Basi mwacheni. Mimi ndiye niliyefiwa, nami nasema mwacheni. Mke wangu harudi."

Kapteni aliyaandika maneno hayo, akamwomba atie sahihi, akayatuma Bishkek pamoja na faili. Jumanne, Melis akiwa tayari rumande, jibu likaja: foleni haina msamaha, nafasi irudi. Kuna mwingine aliye namba moja, naye ana haki yake. Huwezi kusema walikosea, na hilo ndilo linalouma.

Meerim alikuwa kwenye mashine saa ile. Kapteni akaketi kwenye benchi kando ya Mzee Jumabai, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mashine za kulipia zilikuwa Bishkek, na kondoo wa mzee walikwisha kuuzwa mwaka uliopita.

"Ungekuja kwangu kwanza," mzee alisema. "Ningekuambia ni mimi niliyefanya. Jela ingenichukua mimi, na wao wangebaki."

"Mzee, hujui hata kuwasha kompyuta."

"Ningejifunza."

"Na nafasi ingefutwa vile vile."

Mlango ukafunguliwa, Meerim akatoka, amebandikwa pamba mkononi, uso umepata rangi kama kila siku anapotoka mle.

"Ata, baike amerudi kutoka Bishkek?"

"Bado. Vipuri havijapatikana."

"Na keshokutwa tunakuja saa ngapi?"

Mzee alimtazama Kapteni, kana kwamba huenda lipo jibu jingine ambalo lilikuwa halijasemwa. Kapteni akatazama sakafu. Mzee akainuka, akamfunga mjukuu wake skafu, akaikaza vizuri shingoni.

"Saa ile ile, mwanangu," alisema.